Maskini apewe maombi au apewe mtaji?

Kiberenge
Wadau, naweka hoja mezani. Huku Mbagala kila wiki kuna mkesha. Wanaojaa ni mama lishe, wauza karanga, bodaboda ambao hata pikipiki si zao. Wanatoa sadaka, wanaombewa, Jumatatu wako mlangoni kwa mkopeshaji. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako. Hizo sadaka zingewekwa mfuko mmoja wa mtaji usio na riba, ingekuwa ibada kubwa zaidi. Cherehani haishuki kwa maombi. Na akina mama waache kukesha huku watoto wamelala na njaa.

Mama Jeni
Hayo ya mfuko sina neno. Hayo ya watoto umenikanyaga. Mimi nakesha. Wanangu walilala na njaa mwaka ule baba yao alipoondoka, na aliyegonga mlango na kilo tano za unga ni mama tunayesali naye. Hakuwa mtu wa mfuko wa mtaji.

Kiberenge
Mama, sikukusema wewe.

Mama Jeni
Ulisema akina mama. Mimi ni nani?

Nyanda
Kiberenge omba radhi tuendelee. Ila msisahau Babu wa Loliondo, yule mchungaji mstaafu aliyegawa dawa ya mitishamba, 2010, kikombe shilingi 500 tu, maskini na waziri wanapanga foleni moja. Hakuna aliyelazimishwa.

Dokta Mstaafu
Ilikuwa 2011, ndugu yangu. Na hiyo 500 ndiyo inayowadanganya. Nauli ilikuwa kiasi gani? Watu waliuza mbuzi wapande gari kwenda kijijini kwake Samunge, wengine wakiacha dawa zao za kila siku. Wagonjwa walitoka wodini wakafia njiani. Nimefanya kazi wodini, sitaki kusikia kwamba kilikuwa kikombe cha bei rahisi.

Nyanda
Sawa mzee, 2011. Lakini hospitali zenyewe ziko wapi? KCMC imejengwa na nani? Bugando? Peramiho? Ndanda? Ukiondoa watu wa dini kusini huko, mtu angejifungulia shambani.

Mtoto wa Songea
Hapo kwa Peramiho nakuunga mkono. Wabenediktini walijenga hospitali na wakaweka karakana. Mjomba wangu alijifunza useremala pale, na kila asubuhi sala ilikuwa kabla ya randa. Kwetu mambo hayo mawili hayajawahi kugombana, mnayagombanisha nyie wa mjini.

Abu Nasra
Assalaam alaykum. Kiberenge, unazungumza kana kwamba mtaji umegunduliwa na benki. Kuna hadithi ya yule Answari aliyekuja kuomba kwa Mtume (s.a.w.). Akaulizwa, nyumbani kwako hakuna kitu? Akasema kuna shuka na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikapata dirhamu mbili. Moja anunulie watu wake chakula, moja anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia nenda ukakate kuni, nisikuone siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu 10. Tazama mpangilio: chakula kwanza, halafu shoka. Sisi leo tunaishia kwenye chakula. Ramadhani ikifika tunagawa mchele na tende, tunapiga picha, na mwakani tunamkuta mjane yule yule kwenye foleni ile ile. Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka, katika mji wenye matajiri kama Dar. Ni kiasi cha kununulia mashoka mengi sana.

Kiberenge
Shehe, hicho ndicho nilichosema tangu mwanzo!

Mama Jeni
Hukusema hicho. Ulisema niache kukesha.

Zuhura wa Temeke
Tuache kukesha tuzungumze kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nilikopa laki mbili kwa watu fulani, nikawa narejesha kila siku, na siku niliyouguza mtoto walikuja kubeba jiko na meza ya biashara. Wakati huo wala shehe wala mchungaji hakutia neno. Nyumba zote za ibada zinajua habari hii, waumini wao ndio wanaobebewa vyombo. Kwa nini haihubiriwi?

Dokta Mstaafu
Kwani ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iko wapi? Sheria ni ya 2018: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, mikopo bila riba.

Zuhura wa Temeke
Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa, ikarudi 2024. Ukienda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata anakuambia lete kikundi. Nitakitoa wapi? Nani atakubali kubeba deni langu nikikwama?

Mama Jeni
Mdogo wangu, kikundi chetu kilizaliwa kwenye huo mkesha. Unafahamu nani mkweli kwa kuwa umemwona akilia na umemwona akitunza fedha za maua ya altare mwaka mzima bila kupungua hata mia. Mmoja wetu alipofiwa tulimlipia rejesho la miezi miwili, na hakuna mwanasheria aliyetuita. Ndiyo maana nilikasirika. Huyu kijana anaona makelele ya usiku, haoni dhamana yangu.

Kiberenge
Hilo nalikubali, mama. Ila Zuhura hasali na nyinyi. Asiye na mkesha adhaminiwe na nani?

Abu Nasra
Swali zuri. Majirani?

Zuhura wa Temeke
Majirani ndio walionunua jiko langu.

Mama Jeni
Zuhura, Temeke sehemu gani? Kwenye kikundi hatuulizi dini, tuna Waislamu wawili wa vitenge. Njoo Jumamosi mchana utuone tunavyohesabu fedha, na sisi tukuone. Kukupokea siahidi, wenzangu lazima wakubali.

Nyanda
Na fungu la kumi mnakata kabla ya rejesho au baada?

Mama Jeni
Baada. Na mchungaji wetu anajua.