Nachoka mpaka nashindwa kusali, wenzangu mnafanyaje?

Mama wa Chanika:

Habari za usiku wapendwa. Naandika hii niko kitandani, watoto wameshalala, na mimi macho yanafumba yenyewe ila nikisema niache mpaka kesho najua sitaandika.

Naishi Chanika, nauza duka la jumla Kariakoo, vyombo vya plastiki, mabeseni, ndoo, chupa za chai. Naamka saa 10 alfajiri nawaandalia watoto chai na cha kubeba shule, saa 11 niko kituoni, saa 1 kasoro tunafungua. Kutwa nzima nimesimama, natoa risiti, nahesabu mzigo, wateja wa mikoani wanapiga simu mzigo haujafika. Jioni mpaka tumalize kufunga hesabu na bosi ni saa 1, halafu foleni ya Nyerere Road wanaoishi huku wanaijua, nyumbani naingia saa 3 usiku. Jumapili nikiwa nyumbani ndio siku ya kufua na kusuka watoto, na kuanzia mwezi huu wa 10 mpaka Krismasi Jumapili tunafungua duka pia, mzigo unakwenda sana. Baba yao yuko machimboni, anatuma akipata.

Sasa mimi nimekulia kanisani, Mlutheri wa kuzaliwa, nimeimba kwaya sauti ya pili tangu nipate kipaimara. Wiki iliyopita natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto nikashusha Biblia juu ya kabati, imejaa vumbi, naifungua nakuta karatasi ya matangazo ya usharika, kuangalia tarehe ni ya Jumapili ya Matawi. Matawi jamani. Nilikaa pale pale sakafuni nikalia.

Nikasema basi, kila usiku lazima nipige magoti. Siku ya kwanza nilisali vizuri. Siku ya pili nimeanza Baba yetu uliye mbinguni, nakuja kushtuka saa 8 usiku niko vile vile, magoti chini kichwa kitandani, mkeka umenichora magotini na sikumbuki niliishia wapi. Nilijisikia vibaya kuliko siku ambazo sikusali kabisa, nikaona hata dakika tano za Mungu nimemnyima.

Naombeni mniambie mnafanyaje. Ila msiniambie niache kazi, ada na kodi ya nyumba vinanitazama mimi.

Abiria wa Kimara:

Pole sana dada. Mimi nyumbani kimya hakuna kwahiyo nasalia kwenye basi la mwendokasi. Napanda Kimara asubuhi, nimesimama nimeshika chuma, na kila kituo nimekipa mtu wake. Ubungo namtaja mama yangu ana sukari, Shekilango mke wangu, Manzese mdogo wangu aliyeingia kwenye pombe, Magomeni wanangu, tukifika Jangwani najiombea mwenyewe, na Fire nashukuru tu hata kama siku yenyewe haieleweki. Gari likikaa kituoni muda mrefu basi huyo mtu kaombewa sana siku hiyo. Nimefanya hivi kama miaka mitatu sasa, mdomo sifungui, hakuna anayejua. Mdogo wangu bado anakunywa, lakini sijawahi kupita Manzese bila kumtaja, na zamani nilikuwa namaliza mwezi sijamuwaza.

Jaribu kwenye daladala lako, Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, vituo unavyo vingi kuliko mimi.

Msema Kweli:

Mimi ntakuwa tofauti kidogo na usinichukie. Uzi mrefu hivi umeuandika usiku huu huu unaosema umechoka. Muda wa kuandika upo ila wa kusali haupo? Tukubali ukweli, tunaweka mbele kile tunachokipenda. Simu tunashika dakika ngapi kwa siku? Mimi mwenyewe nilikuwa nasema sina muda, siku nikajipima nikakuta TikTok inakula saa nzima na nusu kila usiku. Nikaifuta. Sikuandikii haya kukuumiza, nimeyaandika kwasababu mimi yalinisaidia.

Mama wa Chanika:

Kaka umeniuma kidogo lakini sijakasirika. Simu yangu ni ya kawaida, bando naweka la WhatsApp ya mwalimu wa watoto, hiyo TikTok sinayo. Labda kweli kuna sehemu napoteza muda sijaiona, ntaangalia.

Bibi Tabata:

Msema Kweli mwanangu, acha kumbana mwenzio. Mtu akikaa saa 5 usiku anaulizia njia ya kurudi kwa Mungu wake, huko kuulizia kwenyewe nako ni kuomba.

Wewe binti wa Chanika sikiliza, mimi nimekuwa muuguzi miaka 31, zamu za usiku nazijua, na nililea watano. Fungua 1 Wafalme sura ya 19. Eliya amekimbia, amechoka mpaka anamwomba Mungu amwondoe duniani, akalala chini ya mti wa mretemu. Sasa angalia Mungu amefanya nini. Hakumtuma malaika aje kumuuliza mbona umelala hujamaliza sala. Malaika kamgusa, kampa mkate wa motomoto wa kwenye makaa na maji, kala, kanywa, na kalala TENA, na malaika hakumzuia. Akaja mara ya pili akamlisha tena kwasababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Yale maneno ya mlimani, ile sauti ndogo ya utulivu, yalikuja baadaye sana, siku arobaini mbele. Kwanza chakula na usingizi. Nilisoma ile sura mara nyingi sana kabla sijaiona hiyo, niliiona usiku mmoja wodini nimekaa kwenye kiti miguu imevimba na nina mgonjwa wa kumwangalia mpaka asubuhi.

Kwahiyo usiku ule uliolala magotini, mwanangu, usiuhesabu kama dhambi. Mtoto akikusinzilia mapajani katikati ya maneno wewe unamwamsha umgombeze? Unamfunika.

Ila usiku kwako sio muda, huo mwili umeshakwisha. Tafuta muda mwingine ambao bado una nguvu hata kama ni kidogo.

Fundi Mtaa wa Narung'ombe:

Assalam aleykum na Bwana asifiwe kwa wote. Dada mimi ni Muislamu ila tuko mtaa mmoja tu inaonekana, hapa hapa Kariakoo, na swali lako ni langu pia, nikaona sio vibaya nikisema ya kwetu.

Mimi natengeneza simu kibandani, mteja amesimama, mwingine anapiga, na adhana inaingia. Zamani nilikuwa nasema namalizia hii moja, namalizia hii moja, mwisho adhuhuri na alasiri zote nakuja kuzilipa nyumbani usiku nimechoka, naswali haraka haraka hata sijui nimesoma sura gani. Shekhe wetu akaniambia jambo moja, kwamba hizi sala zimegawanywa tano ili usisubiri siku nzima iishe ndio uende kwa Mola wako na mabaki. Unaenda katikati ya kazi, mikono bado ina kazi. Na kuna hadithi ya Mtume (SAW) aliyoipokea bibi Aisha, kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata kama ni ndogo.

Sasa ninachofanya, nina chupa ya maji ya lita moja na nusu chini ya meza, hiyo haiguswi na mtu kwa kunywa, ni ya udhu. Adhana ya adhuhuri hapa kwetu naisikia kama saa 6 na nusu mchana. Nikisikia tu adhana naweka bisibisi chini, hata kama simu iko wazi betri nje, namwambia mteja nipe dakika kumi. Mwanzoni niliogopa wataondoka. Wawili watatu waliondoka kweli, wengine wanasubiri, na siku hizi wananijua.

Ushauri wangu, usitafute saa nzima. Chukua kitu kinachokukuta kila siku hapo hapo kazini kikukumbushe. Hata ukitumia adhana yetu, karibu sana.

Mdau wa Sheria:

Mimi nakuja kwa upande mwingine maana naona wote mnampa dada mzigo wa kupanga muda wakati muda wake umechukuliwa. Saa 1 asubuhi mpaka saa 1 usiku ni masaa 12, mara siku sita ni 72, na Jumapili bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Yanayozidi ni kwa makubaliano, na yanalipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60, na kila wiki masaa 24 ya kupumzika yasiyokatizwa. Sisemi ukamshtaki bosi, najua maisha yalivyo na kazi zilivyo. Lakini hiyo saa moja ya mchana usiiombe kama msaada. Dada unakula saa ngapi huko?

Mama wa Chanika:

Nakula nyuma ya stoo nimesimama kaka. Hilo la dakika 60 nilikuwa silijui kabisa.

Mama wa Chanika (wiki mbili baadaye):

Nimerudi kuwashukuru. Nilikaa siku nne nikitafuta maneno ya kumwambia bosi, mwisho nikamwambia tu kwamba naomba mchana nipumzike, mwili unanishinda. Alininyamazia, kesho yake akasema nusu saa, kuanzia saa 6 na robo, binti mwingine atashika mashine. Sijamtajia sheria, naona nianze na hiyo kwanza, na Jumapili za msimu tutaongea.

Vituo nimeviweka. Gongo la Mboto ni baba watoto.

Na juzi Jumanne nikatoka dukani nikaenda mpaka kanisa moja sio mbali, mlango wa pembeni uko wazi, ndani kuna feni moja inazunguka na mzee mmoja anafuta mabenchi. Nikakaa la nyuma kabisa. Nilikuwa nimepanga nisome Zaburi, Biblia nimeibeba, nimeifuta vumbi, ile karatasi ya Matawi bado imo. Nikaifungua mapajani na hapo hapo nikalala. Safari hii sikushtuka kwa woga. Kilichoniamsha ni adhana, ikiingia kupitia yale matofali ya matundu, nikajua ni saa 6 na nusu na huku Fundi ameweka bisibisi chini. Yule mzee alikuwa ameshalifuta benchi langu lote, amezungusha kitambaa mpaka pale nilipokaa, hakuniamsha.

Nikasoma mistari miwili nikarudi kazini. Bibi Tabata, ni ile Zaburi ya 127, inayosema humpa mpenzi wake usingizi.

Bibi Tabata:

Asante Yesu. Na kesho uende tena mwanangu, beba na andazi.