Wapangaji watano LUKU moja, umeme unaisha wiki mbili. Tutajuaje nani anatumia nini?

mpangaji_nkuhungu
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri maana huku kwetu Nkuhungu tunaelekea kugombana kabisa. Nyumba ina wapangaji watano na LUKU ni moja, kila mtu anatoa elfu kumi tunanunua kwa pamoja. Zamani hiyo elfu hamsini ilikuwa inatufikisha mwisho wa mwezi, ila tangu Juni baridi ilivyoanza na huu upepo wa Dodoma mnaoujua, wiki mbili tu giza. Mimi nina taa mbili, redio na chaji ya simu, pasi napiga Jumapili basi. Chumba cha mbele kuna dada anauza barafu na juisi, ana friji, na kusema ukweli wote tunamwangalia yeye. Juzi tukakaa kikao akalia, anasema friji anayo tangu mwaka jana mbona hatukusema. Mwenye nyumba anasema tumalizane wenyewe. Kuna namna ya kupima matumizi ya kila chumba au ndo tuendelee kukisiana hivi hivi?

fundi_waya_dom
Mkuu huyo dada mwacheni kwanza. Friji ya kawaida kama mpira wa mlango ni mzima inakula uniti moja hadi moja na nusu kwa siku, haiwezi yenyewe kula nusu ya umeme wa nyumba nzima. Kinachotafuna ni vitu vya joto. Ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga ina wati 1500, ukiichomeka nusu saa umekula robo tatu ya uniti, sasa watu watano kila asubuhi piga hesabu mwenyewe. Hesabu ni rahisi tu, wati zidisha kwa masaa gawanya kwa 1000 unapata uniti.

Kabla ya kununua chochote fanyeni hivi. Kwenye mita kuna taa nyekundu inayopepesa na pembeni yake pameandikwa namba, mfano 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1000 imeenda uniti moja. Wote muwepo, kila mtu azime kila kitu chumbani kwake na achomoe soketi, halafu simameni hapo kwenye mita dakika tano. Ikitulia, tatizo liko ndani ya vyumba, washeni kimoja kimoja mhesabu. Ikiendelea kupepesa kuna kitu kinakula umeme ambacho hamkijui.

mama_ilazo
Mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba sita Ilazo na nimepitia hayo hayo mpaka mpangaji mzuri akanihama kwa sababu ya LUKU, iliniuma sana. Nikaweka mita ndogo kila chumba, hizi wanaita sabmita. Haikati umeme, inahesabu tu. Tarehe moja tunapita na daftari mimi na wapangaji, tunasoma namba ya leo tunatoa ya mwezi uliopita, kila mtu analipia tofauti yake. Jumla ya mita ndogo haitafanana na LUKU, ile inayobaki ni taa za nje na korido, hiyo tunagawana sawa. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, narudisha mimi kwa sababu ni kodi ya mwenye nyumba siyo ya mpangaji. Muulizeni wenu hilo pia.

kijana_wa_ipagala
Nakazia hapo kwa mama, ila mjue mita ndogo haipunguzi bei. Nyumba ikitumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi inaingia D1, yaani tarifu nafuu ya watumiaji wadogo, shilingi 100 kwa uniti, ukiongeza VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika 122, ndo ile 9,150 watu wanayoisema. Nyie mkijumlisha wote mnapita 75 kwa mbali, mko tarifu ya juu ambayo elfu kumi inatoa uniti 28 hivi. Yaani wewe mwenye taa mbili na redio unanunua uniti karibu mara tatu ya bei ambayo ungelipa ukiwa na LUKU yako peke yako. Kama mwenye nyumba ni muelewa ombeni kila chumba kiwe na mita yake ya TANESCO, gharama ipo ila inalipa.

mpangaji_nkuhungu
Wakuu nimerudi. Jana jioni tumefanya alivyosema fundi, tumezima nyumba nzima giza totoro, tukasimama watano na tochi za simu. Taa ikawa inapepesa kila sekunde 18 hivi, mita yetu imeandikwa 1000. Nikapiga hesabu ni mara 200 kwa saa, yaani wati 200 na hakuna kitu kimewashwa! Tukafuata waya mmoja unaopita juu ya dari mpaka uani, kumbe unaingia banda la kuku la kijana wa mwenye nyumba, kaweka balbu mbili za wati 100 za kupasha vifaranga joto, zinawaka usiku na mchana tangu Juni. Hiyo ni karibu uniti tano kwa siku, zaidi ya tulivyokuwa tunatumia sisi watano kwa pamoja. Dada wa barafu nimemfuata asubuhi nikamwomba msamaha mbele ya wenzangu maana mimi ndo niliongea zaidi kwenye kikao, namshukuru kapokea. Mwenye nyumba naye kaona kwa macho yake, amekubali kununua mita ndogo sita, ya sita ni ya banda. Fundi anakuja Jumamosi, je tuzifunge chumbani kwa kila mtu au nje?

fundi_waya_dom
Nje kwenye korido, zote boksi moja lenye kioo kila mtu azione. Hakikisha waya wa banda unapita kwenye mita yake, ukatwe kule unakoanzia kabisa. Na siku ya kufunga pigeni picha namba zilizopo, mita nyingine zinakuja hazijaanza sifuri.