Ndege ya waya ya spidi: F2A iliyotumika, kidogo cha cc 0.8, au ya umeme?

Mburahati77
Habari za humu wakuu. Nipo njia panda, naomba mawazo kabla sijatuma hela. Nataka kuanza ndege za waya, zile ndogo za kuchezea zinazozunguka duara huku rubani amezishika kwa waya, upande wa spidi tu, sitaki za sarakasi wala za kupigana. Nimepata vitu vitatu. Cha kwanza ni seti ya F2A (daraja la mashindano ya spidi) iliyotumika: injini ya cc 2.5, ekzosi yake ya kupimwa urefu, propela mbili za jani moja, na ndege yenyewe, ile yenye bawa refu upande wa ndani. Cha pili ni ndege ndogo ya cc 0.8, mpya. Cha tatu ni ya umeme, betri ya seli nne. Nichukue ipi? Nipo Dar.

FundiGerezani
Karibu mkuu. Maelezo hayatoshi lakini. Utarushia wapi, zege, lami au nyasi? Unataka kushindana kwa sheria za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, au kupima spidi yako mwenyewe? Metanoli, ndiyo mafuta ya injini hizi, utaitoa wapi? Na la muhimu kuliko yote: hiyo injini ya F2A ikiwa baridi, ukizungusha kwa mkono, pistoni inakaza ikifika juu au inapita tu?

Dada_Mbezi
Na upana wa eneo, tafadhali. Waya za F2A ni mita 17.69 na mizunguko 9 ndiyo kilomita 1. Kwa hiyo duara peke yake lina kipenyo cha mita 35.4, hapo hujahesabu bawa la nje wala wavu wa kuwakinga watu. Chini kuwe laini. Ndege hizi hazina magurudumu: zinaondoka juu ya kigari kinachobaki ardhini, zinatua kwa tumbo. Kwenye nyasi kigari kinapinda, propela inagusa chini, na safari imeishia hapo.

UmemeTu
Chukua ya umeme, usijitese. Hakuna metanoli, hakuna plagi ya kuwashia injini, hakuna kelele za kuwaamsha majirani. Seli nne ni volti 14.8, ukivuta ampea 60 unapata karibu wati 890, na kwa ndege ya gramu 450 hizo si haba. Ukiruka sekunde 40 umetumia kama mAh 670, kwa hiyo betri ya mAh 1,000 inatosha na inabaki na akiba. Weka kipima muda kinachozima mota chenyewe, maana hakuna redio. Na plagi ya kukatia umeme ikae nje ya bodi, uiunganishe mwisho kabisa, msaidizi akiwa ameshika ndege kwa nyuma ya propela.

Mburahati77
Samahani wakuu, nilipaswa kuyasema mapema. Eneo ni yadi ya zege huku Tabata, upana mita 34, urefu kama 60, ina ukuta pande mbili. Metanoli sijaitafuta bado. Kuhusu pistoni nimemuuliza muuzaji, anasema inazunguka laini kabisa, haikwami popote.

FundiGerezani
Hiyo "laini kabisa" ndiyo inayonitia wasiwasi. Slivu za injini hizi, yaani bomba ambalo pistoni inapita ndani yake, zimechongwa zikibana kidogo kwa juu. Ikiwa baridi, pistoni inatakiwa ikaze kwenye milimita chache za mwisho. Ikishapata moto, slivu inatanuka kuliko pistoni na nafasi inakuwa sawasawa. Kama inapita laini ikiwa baridi, ikiwa moto itavuja, na injini inayovuja haifiki mizunguko 40,000 kwa dakika. Kununua pistoni na slivu pamoja ni kama kununua nusu ya injini upya.

Mwambie akutumie video: afungue plagi, aingize njiti ya plastiki kwenye tundu, azungushe polepole. Ikikaza, asiilazimishe. Aipashe kwanza kwa drayeri ya nywele, la sivyo ataichubua pistoni kwenye ukingo wa juu.

Dada_Mbezi
Na mita 34 hazitoshi F2A, mkuu. Hata kwa ule urefu wa zamani wa mita 15.92, uliokuwa wa mizunguko 10 kwa kilomita, ungebakiwa na kama mita moja tu kila upande. F2A itoe kichwani kwanza.

UmemeTu
Si afupishe waya tu? Mita 10, amalize.

Dada_Mbezi
Afupishe kwa ndege ipi? Piga hesabu. F2A ikienda kilomita 300 kwa saa, yaani kilomita 1 kwa sekunde 12, kwenye mita 17.69 inavuta kama mara 40 ya uzito wake. Ndege ya nusu kilo inavuta kilo 20. Iweke kwenye mita 10 kwa spidi hiyo hiyo, mvuto unapita mara 70, na rubani anazunguka zaidi ya mara moja kwa sekunde. Hakuna anayeweza kusimama hapo. Cc 0.8 ndiyo inayokaa mita 10: kwa kilomita 120 kwa saa mvuto ni mara 11 hivi, ndege ya gramu 150 inavuta kilo 1.7. Mizunguko 16 inakupa mita 1,005, unapima kwa saa ya mkononi na unajifunza.

Waya04
Nyote mnaongelea injini, na waya hakuna aliyeugusa. Mburahati, kama seti inakuja na waya zake, usizitumie. Ngoja nieleze kwa nini.

Kuna ndege ya cc 2.5 ilikatika waya kwenye lami, ikiwa mzunguko wa nne, hata spidi yake haijaifikia. Waya zilikuja na seti, zimezungushwa kwenye kijigurudumu kidogo kama cha uzi wa kushonea. Waya wa chuma wa mm 0.4 ukikaa hivyo unashika umbo la springi. Ulinyooshwa kwa kuvuta, ukaonekana umenyooka. Jaribio la kuvuta likafanyika na ukapita. Shida ilikuwa mwishoni, pale waya unapokunjwa kitanzi na kufungwa kwa uzi wa shaba na risasi. Ile fluksi, dawa ya kuchomelea, haikuoshwa. Hewa yetu ya chumvi ikaingia chini ya uzi wa shaba, na kwa nje huoni kitu. Ulipofumuliwa baadaye, palikuwa na kidoa cheusi kidogo kuliko kichwa cha pini, na waya ulikatikia hapo hapo, umekatika kavu bila kuvutika.

Waya uliokatika ni ule wa kupandisha ndege juu. Uliobaki ukavuta kibawa cha mkia chini chote. Ndege iliingia kwenye lami kabla rubani hajafumba jicho. Bawa liliachana na bodi, kranki ikapasuka, propela haikupatikana. Hakuna aliyeumia kwa sababu kila mtu alikuwa nyuma ya wavu.

Waya mzima wa mm 0.4 unabeba takriban kilo 30, mbili ni 60, na unahitaji 20. Inaonekana kuna akiba kubwa. Lakini kunja mara moja au acha kutu ya siku chache, hiyo akiba haipo. Kwa hiyo: gurudumu la kuhifadhia lisipungue sm 15, osha fluksi, pitisha kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuruka. Ukiona kona hata ndogo, tupa waya, usinyooshe. Na yadi yako ikiwa na nguzo za umeme karibu, tafuta yadi nyingine. Hiyo ni chuma mkononi mwako.

FundiGerezani
Ndiyo maana wazee waliupenda waya mmoja. Mfumo wa Victor Stanzel wa Texas ulikuwa unausokota waya badala ya kuuvuta, na upinzani wa hewa unapungua sana.

Waya04
Unapungua kweli, maana sehemu kubwa ya upinzani wa ndege ya spidi inatoka kwenye waya, si kwenye bodi. Lakini kusokota kunachelewa kufika kwenye ndege. Kwa anayeanza siushauri hata kidogo.

NyonyoSafi
Nirudi kwenye mafuta, kwa sababu ndiyo yatakayoamua. F2A inatumia metanoli asilimia 80 na mafuta ya nyonyo asilimia 20, bila naitro (nitromethani, ya kuongeza nguvu). Kwa lita moja ni ml 800 na ml 200. Hiyo cc 0.8 inaonekana rahisi lakini injini nyingi za ukubwa huo zinapenda naitro, na naitro ndiyo ngumu kuliko vyote. Bila naitro inawaka, ila inasumbua kushika na nguvu inapungua. Muulize muuzaji inatakiwa kufanyiwa ranini, yaani kuzoeshwa ikiwa mpya, kwa mchanganyiko gani.

Metanoli inunue kwa muuzaji wa kemikali aliyesajiliwa, ikiwa imefungwa. Inavuta unyevu, na Dar unyevu haukosekani. Chupa iliyoachwa wazi mchana mmoja inakuharibia siku: injini inaendelea vizuri ukiwa umeunganisha betri ya plagi, ukiichomoa inazima. Watu wanabadilisha plagi tatu kumbe ni maji. Vaa glavu, inapita kwenye ngozi na ni sumu ya macho. Moto wake mchana hauonekani, weka ndoo ya maji karibu.

Mburahati77
Nyonyo ya Kariakoo inafaa? Ile ya nywele.

NyonyoSafi
Jaribu hivi. Chupa ya kioo safi, metanoli ml 80, mafuta ml 20, tikisa, acha usiku kucha. Nyonyo halisi inayeyuka yote, asubuhi unaona kitu kimoja kinachong'aa kama chai ya rangi nyepesi. Ukikuta tabaka mbili, mafuta yamekaa chini, kuna alizeti au kitu kingine humo. Yenye manukato usiijaribu kabisa, hata ikiyeyuka.

UmemeTu
Na yote haya kwa sekunde 12 za kuruka. Umeme, mkuu.

NyonyoSafi
Betri ya lipo (lithiamu polima), hiyo ya ndege ya umeme, nayo iletwe kwa njia gani? Mizigo mingi ya ndege inakataa. Ikifika, isiachwe kwenye gari juani, inavimba.

Mburahati77
Nashukuru sana wote. Video ya pistoni nimeiomba. Muuzaji anasema injini ameshaijaza mafuta ya kuhifadhia, kwa hiyo itaonekana inabana hata kama imekwisha?

FundiGerezani
Ndiyo, mafuta mazito yanadanganya. Aioshe kwa metanoli kwanza, aikaushe, ndipo azungushe. Akikataa kuosha, umepata jibu la hiyo moja.

Dada_Mbezi
Na Jumamosi pima yadi kwa utepe, usikadirie kwa hatua. Anzia katikati kwenda ukuta ulio karibu, kisha utuandikie namba hapa.