Naomba ushauri: mimi na mke wangu tunataka kwenda kujitolea kwa watoto nje ya nchi

Habari zenu wakuu. Tangu uchumba tuliahidiana kwamba siku moja tutakwenda nje kuhudumia watoto. Tumeweka akiba miaka minne, na sasa kituo kimoja cha yatima kimetukubali kwa wiki tatu. Kinachoninyima usingizi ni kwamba hawajatuomba hata cheti cha polisi cha tabia njema. Wanachosisitiza ni ada tu. Tena nimesoma kuwa watoto wengi wa vituo vya namna hiyo wana mzazi aliye hai, na wageni wa kuja na kuondoka huwaumiza. Mke wangu ni muuguzi. Kadi yake ya njano ya chanjo ameshaiweka ndani ya pasipoti. Nimwambieje bila kumvunja moyo? Mliowahi kujitolea kama wanandoa, mlianzia wapi?