Mjadala: Tangazo la kipindupindu litoke kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mhudumu wa afya?

Jiwe la Bismarck
Wakuu, za jioni. Mvua za vuli ndizo hizo hapa Mwanza, na wimbo ni uleule. Tangazo la kipindupindu, angalizo la mawimbi, kujiandikisha kura, mchango wa ulinzi shirikishi, vyote vinatoka mdomo mmoja wa mwenyekiti wa mtaa na vinaishia kwenye kundi moja la WhatsApp. Mwenyekiti ana chama. Wasio wa chama chake wakisikia sauti yake wanaongeza redio. Nasema ya afya na maafa aachiwe mhudumu wa afya ngazi ya jamii akisaidiana na mtendaji wa mtaa, maana hao hawaombi kura. Mnaonaje? Japo tusidanganyane, watu wenyewe hata kuweka kidonge kimoja cha klorini kwenye ndoo kunawashinda.

Mama Mwaloni
Hayo ya mwenyekiti nakuachia. Ila hiyo ndoo, ndoo ipi kaka? Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20, yaani dumu la njano limejaa. Ndoo ndogo ni lita 10. Ukitumbukiza kidonge kizima humo, maji yananuka, watoto wanayatema, na jioni nyumba nzima imerudi kwenye maji mabichi ya ziwa. Anayelaumiwa ni mama, wakati aliyekosea ni mwenye kipaza sauti aliyetamka "kidonge kimoja ndoo moja" bila kutaja lita.

Ngosha wa Buhongwa
Si mchemshe tu yaishe?

Mama Mwaloni
Gunia la mkaa utalituma lini?

Bomba la Capripoint
Ngosha, kuchemsha kunaua, hakuna anayebisha. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yametosha, hayo ya kuyaacha yatokote robo saa ni kuunguza mkaa. Shida ni baada ya hapo: maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Mtu anazamisha kikombe na vidole vyake ndani ya ndoo, mdudu kaingia upya na hakuna cha kumzuia. Klorini inabaki kwenye maji. Nusu saa baada ya kuweka dawa, ukipima unatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Sasa maji ya ufukweni, hasa yenye tope au ule ukijani wa mwani, yanaila klorini kabla haijamfikia mdudu. Yaache yatulie, mimina yale ya juu, chuja kwa kanga ya pamba iliyokunjwa mara nne, ndipo uweke vidonge viwili kwa lita 20 na usubiri nusu saa kamili. Mtungi wa udongo nao unaila dawa. Hifadhi kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko, umimine badala ya kuchota.

Kijana wa Kitangiri
Mnahangaika na vidonge wakati mzigo unashuka kutoka juu. Igogo, Mabatini, Bugarika: mvua ikipiga tu, watu wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia kinyesi kitoke na maji ya mvua, uchafu wote unashuka hadi ziwani. Hata atangaze malaika.

Mtu wa Mlimani
Karibu na sururu yako, dogo. Uje uchimbe choo cha futi kumi kwenye mwamba. Shimo linagota kwenye jiwe ukiwa umefika kiunoni, kwa hiyo linajaa upesi. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda, na mpira wake haufiki kwenye vichochoro. Kutapisha choo ni kosa, lakini usiongee kama vile watu wanafanya kwa starehe.

Na kwa taarifa yako, milima hiyohiyo imewekewa mfumo rahisi wa majitaka: bomba jembamba linapita katikati ya nyumba, juu ya mawe, chemba kila linapokata kona, linashuka hadi bomba kubwa na kwenda mabwawa ya Butuja. Linapoziba, mara nyingi ni vitambaa, pampasi na mchanga wa kusugulia sufuria. Na kuna wajanja wanaofungua mfuniko wa chemba ili maji ya mvua ya uani yaingie humo. Bomba lile halikupimwa kwa mvua. Likizidiwa, chemba ya chini inafumuka mlangoni kwa mtu mwingine. Hilo ndilo la kutangaza: msifungulie mvua chemba. Umewahi kulisikia kwenye gari la matangazo?

Kijana wa Kitangiri
Povu lote hilo! Si ninyi mliomchagua huyo mwenyekiti? Na wengine hapa mnalalamika hata kadi ya mpiga kura hamna.

Mtendaji Mstaafu
Kijana, kadi haichagui mwenyekiti wa mtaa. Kadi inatokana na daftari la kudumu, lile la Tume ya Uchaguzi, kwa ajili ya rais, mbunge na diwani. Serikali za mitaa zina orodha yake, iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na unajiandikisha mtaani kwako unakoishi. Mwenye kadi asiyejiandikisha kwenye orodha hapigi kura ya mwenyekiti. Asiye na kadi aliyejiandikisha anapiga.

Ngosha wa Buhongwa
Na uchaguzi ule wa juzi wa wenyeviti si ulikuwa tarehe 20 Novemba?

Mtendaji Mstaafu
Tarehe 27 Novemba 2024. Hiyo 20 uliyoishika ni ya Oktoba, siku ya mwisho ya kujiandikisha. Kulianza tarehe 11. Siku kumi tu. Na daftari la kudumu lilikuwa likiboreshwa mwaka huohuo, gari lilelile likitangaza "jitokezeni mkajiandikishe" bila kusema kwenye kitabu kipi.

Mleta mada, nikurudie. Mtendaji unayemtaka ni mwajiriwa, jioni yuko kwake, huenda mtaa mwingine kabisa. Mwenyekiti analala hapo. Saa nane za usiku mtu akiharisha maji kama ya mchele, mlango unaogongwa ni wa mwenyekiti. Ukimtoa kwenye taarifa umemtoa na kwenye huo mlango.

Jiwe la Bismarck
Kwa hiyo mtendaji mstaafu anatetea wanasiasa. Haya.

Karabai
Mwenyekiti, mtendaji, yeyote, kwetu tatizo ni saa. Ngurumo za ziwa hili ni za usiku. Jioni nchi kavu inapoa, upepo unageuka kuvuma kuelekea majini kutoka pande zote, unakutana katikati na mawingu yanajengeka huko. Dagaa nao wanavuliwa usiku, kipindi cha giza, taa zikiwa juu ya maji. Sasa angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likifika kwenye kundi la mtaa asubuhi, mitumbwi imesharudi, au haijarudi. Lisomwe mwaloni saa tisa au saa kumi jioni, taa zinapopakiwa. Kundi la mtaa halina wavuvi, lina wenye nyumba.

Mama Mwaloni
Karabai kasema. Na liende kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wao wanajua mtumbwi upi umetoka na una watu wangapi.

Jiwe la Bismarck
BMU nao si wanachaguliwa? Tumerudi palepale.

Kijana wa Kitangiri
Mimi bado naulizia vidonge. Vikiisha dukani, Jik inafaa?

Bomba la Capripoint
Kwa sakafu na choo, ndiyo. Jik ya asilimia 3.5: kipimo kimoja cha Jik, vipimo sita vya maji, unapata asilimia 0.5. Mwagia palipotapikiwa, acha dakika kumi ndipo usugue. Kwa matapishi na kinyesi chenyewe kwenye ndoo inatakiwa kali zaidi, asilimia 2. Ichanganye siku hiyohiyo, ya jana imeshalegea. Kwa maji ya kunywa, usiguse yenye harufu ya limau.

Mtu wa Mlimani
Ongeza na ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kumrudishia maji anayeharisha, maana huko ndiko watu wanapotea. Pakiti ni ya lita moja. Chupa iliyojaa majumbani ni ya lita moja na nusu, nyingine ni ya soda, nusu lita. Pakiti nzima kwenye nusu lita ni chumvi kali, mtoto anazidi kukauka. Kwenye lita moja na nusu imekuwa nyepesi mno. Weka alama ya lita moja kwa kalamu kwenye jagi, na iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vilivyosawazishwa. Na usikae nayo nyumbani ukidhani umemaliza, mpeleke kituoni huku anakunywa. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, bure.

Ngosha wa Buhongwa
Kijiko cha chai kipi, kile kidogo au kile cha kulia wali?

Mama Mwaloni
Bebe Ngosha! Kijiko cha kulia wali kinaitwa cha chai tangu lini?

Ngosha wa Buhongwa
Kwetu kipo kimoja tu mama, kinafanya yote.

Mtu wa Mlimani
Basi tumia kizibo cha soda, cha chuma. Chumvi nusu kizibo, usawazishe kwa ukingo wa kisu.

Bomba la Capripoint
Hapana, hapana. Kizibo si kijiko, usimpe mtu kipimo ambacho hakijapimwa. Ngosha, kaazime kijiko kwa jirani.