Samsung N150, Atom N450, RAM 1GB: nibaki na Windows 7, nipige Windows 10 au nihamie Linux?

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za majukumu. Nina kilaptopu cha Samsung N150, kile kidogo cha inchi 10.1. Prosesa ni Atom N450 ya 1.66GHz, RAM 1GB, hadidiski 250GB ya kuzunguka. Ndani kuna Windows 7 Starter iliyokuja nacho kutoka dukani, ile ambayo hata picha ya nyuma huruhusiwi kubadilisha. Betri bado inakaa, kibodi haijalegea hata herufi moja, kinaingia kwenye mkoba pamoja na madaftari. Sitaki kukitupa.

Kazi zake ni kuchapa mitihani kwenye Word 2007, alama za wanafunzi kwenye Excel, kuprinti, halafu barua pepe na tovuti mbili tatu za kazi. Tatizo liko kwenye intaneti. Chrome inaniambia kila siku kwamba haipokei tena apudeti, na kurasa nyingine zinafunguka nyeupe tupu. Kuna kijana pale stendi anasema atanipigia Windows 10 kwa elfu kumi na tano "na itakimbia mwalimu, utaniambia". Mwenzangu wa ofisini yeye anasema Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Fundi Mwanga

Mwalimu, hapo kuna mambo mawili yamechanganywa, tuyatenganishe. Kilichokuchosha ni brauza. Chrome 109 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, na Google walifunga mlango huo mwanzoni mwa 2023. Windows 7 yenyewe iliacha kupewa viraka vya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020. Word 2007 yako haina habari na hayo yote, ndiyo maana mitihani unachapa bila shida.

Sasa Windows 10. Kwenye karatasi mashine yako inafaulu: Microsoft walitaka prosesa ya 1GHz na RAM 1GB kwa toleo la biti 32, lile linaloingia hata kwenye prosesa za zamani. Kijana wa stendi hajakudanganya kwamba itaingia. Itaingia na itawaka. Subiri sasa uone. Ukifika kwenye dawati, Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inaanza kukagua mafaili, apudeti zinaanza kushuka, kile kitafutio kinaorodhesha diski nzima, vyote kwa wakati mmoja, na Atom N450 ina kiini kimoja tu. Ukifungua Task Manager utakuta diski iko asilimia 100 na hujagusa kitu. Unabonyeza Word, unakwenda kuangalia ugali, unarudi ndiyo inafunguka.

Halafu Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo unahama nyumba inayovuja unaingia nyingine inayovuja, tena hiyo ya pili ina kodi kubwa.

chapchap_tz

Fundi, heshima kwako, ila hapo nakupinga. Mimi nina Atom ya kizazi hichohicho na Windows 10 biti 32, inapiga kazi mpaka leo. RAM 2GB, SSD (diski isiyozunguka) ya 120GB, nikazima mapambo yote ya kioo na programu zinazojiwasha zenyewe. Office inafunguka chap. Mwalimu ameshazoea Windows, kwa nini umpeleke kuanza darasa la kwanza na Linux? Na kama hofu ni apudeti, zipo LTSC, matoleo maalumu ya Windows 10 yanayopewa apudeti kwa muda mrefu kuliko ya kawaida.

Fundi Mwanga

chapchap, soma ulichoandika wewe mwenyewe: RAM 2GB na SSD. Hivyo ndivyo vilivyokuharakishia mashine. Viweke kwenye Windows 7 ileile ya mwalimu utaona inavyoruka.

Na LTSC leseni yake ni ya makampuni na taasisi, mtu mmoja haendi dukani akanunua. Inayozunguka mtaani kwenye flashi imechakachuliwa, na ile programu ndogo ya kuiamsha ndiyo wanayokwambia "zima antivairasi kwanza". Mtu anakuomba uzime mlinzi ndipo aingie ndani, na wewe unazima! Mashine yenye alama za wanafunzi mimi siwezi kuishauri hivyo.

Mkaa Kimya

Mnamzungusha bure. Mwalimu, iache kama ilivyo. Chomoa waifai, fanya kazi zako za Word na Excel, printi. Barua pepe na hizo tovuti ingia kwa simu, simu yako ya mwaka juzi ina nguvu kuliko hiyo Atom mara kadhaa. Hasara ni sifuri.

Binti Pangani

Mkaa ana hoja, ila ameacha flashi. Mashine ya shuleni haipati virusi kwa intaneti peke yake. Walimu wanapokezana flashi moja kutoka ofisini hadi steshenari, unarudi nayo folda zote zimegeuka shotikati. Kwa hiyo hata ukikata waifai, zima ile tabia ya flashi kujifungua yenyewe, na alama ziwe na nakala mahali pengine.

Nije kwenye Linux, maana imetajwa kama kitu kimoja na siyo kimoja. Ukiweka Ubuntu ya kawaida kwenye RAM 1GB utalia kuliko na Windows 10. Kwa mashine hizi tunazungumzia matoleo mepesi ya Linux:

antiX, hii ndiyo ya kwenda nayo kama utabaki na RAM 1GB. Sura yake ya kizamani kidogo, inatumia dawati jepesi liitwalo IceWM, lakini inawaka ikiwa imekula RAM ndogo sana. Debian yenye dawati la Xfce au LXQt, hii naipenda zaidi, ila ipe 2GB. Puppy nayo ipo, inakaa yote kwenye RAM na kuendeshwa kutoka kwenye flashi. Ni nzuri kwa kuokoa mafaili kwenye mashine iliyokufa. Kwa kazi ya kila siku sijawahi kuifurahia.

Jambo moja muhimu ambalo wengi wanakosea. Atom siyo zote sawa. N270, ile iliyojaa kwenye vilaptopu vya 2008 na 2009, ni biti 32 tu. N450 yako inakubali biti 64. Mwalimu, hiyo ni bahati yako, kwa sababu milango ya biti 32 inafungwa. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Mwenye N270 anabaki na Debian 12 na ndugu zake kama antiX 23. Wewe unaweka 13 bila shida.

Na kabla hujafuta chochote: andika Debian "live" kwenye flashi ya 8GB kwa kutumia programu ya Rufus, washa mashine, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) kwa F2, panga flashi itangulie, kisha chagua kujaribu, usisakinishe. Angalia waifai inashika, sauti inatoka, mwanga wa kioo unapungua na kuongezeka. Itakuwa nzito kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, usiihukumu kwa kasi. Ikishika waifai hapo, itashika ukisakinisha.

chapchap_tz

Sawa dada, tuseme amehamia. YouTube je? Mitandao ya sasa je? Linux haibadilishi Atom kuwa i5.

Binti Pangani

Haibadilishi, na sitamdanganya. Ile GMA 3150, sehemu ya picha iliyo ndani ya N450, haina msaada kwa video zilizobanwa kwa mtindo wa H.264, kazi yote inaiangukia prosesa. 360p inakwenda, 720p inakatakata, iwe Windows iwe Linux. Faida ya Linux hapa ni kwamba unapata Firefox ya leo yenye viraka vya leo. Ukurasa mzito utabaki mzito. Fungua tabo mbili, siyo kumi na mbili, na weka kizuia matangazo cha uBlock Origin, utashangaa tovuti za habari zinavyopungua uzito, hata bando linapona.

Kero nyingine ni kioo. Hivi vilaptopu vina nukta 1024 kwa 600. Kuna madirisha ya mipangilio yaliyochorwa kwa vioo virefu, kitufe cha "Sawa" kinazama chini hukioni. Kwenye Xfce shika Alt, kamata dirisha popote kwa kipanya, livute juu mpaka kitufe kitokee. Bila kujua hilo watu wanadhani programu imeganda.

Pwani Boy

Mimi niko Mombasa, nawasomea tu hapa naona mnamsumbua mwalimu wa watu. Windows 11 sahau, inataka RAM 4GB, nafasi 64GB na chipu ya usalama ya TPM 2.0. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, pia sahau, wenyewe wanataka RAM 4GB na N450 haiwezi kubeba zaidi ya 2GB hata ukibembeleza. Pesa ya SSD na RAM na ya fundi, ziweke kando, ongeza kidogo ununue laptopu iliyotumika yenye Core i5 ya kizazi cha nne na RAM 4GB. Hiyo netibuku mpe mtoto ajifunzie kuchapa.

Fundi Mwanga

Pwani Boy, kwa mtu mwenye bajeti ni jibu zuri, sikatai. Lakini hizo i5 za mtumba nyingi betri zimekufa, na mwalimu amesema yake bado inakaa. Mahali umeme unapokatika hilo lina uzito kuliko namba ya prosesa.

Mwalimu, kama unaendelea na hiki, mpangilio wa matumizi ni huu. Kwanza RAM. N150 ina sloti moja tu, kwa hiyo unatoa ya 1GB unaweka ya 2GB, huongezi juu yake. Ulizia DDR2 ya laptopu, DDR3 haitaingia, pengo lake liko mahali tofauti. Wauzaji wengi watakupa iliyochomolewa kwenye mashine nyingine, haina shida ili mradi uijaribu palepale dukani. Zima mashine, toa betri, chini kuna kifuniko kidogo chenye skrubu, fungua, bana zile klipu mbili za pembeni, RAM inanyanyuka yenyewe. Weka mpya kwa mshazari kisha ibonyeze ilale. Huhitaji fundi hapo, hata mimi sitaki hela yako.

SSD ije baadaye. Kwenye N150 hadidiski haina mlango wake, ni kufungua kava lote la chini, na plastiki za umri huo zinavunjika masikio. Hiyo ndiyo ya kumlipa mtu.

Mwalimu wa Zamu

Ahsanteni sana wote. Sasa naona elfu kumi na tano ya stendi itahamia kwenye RAM. Maswali yangu yamebaki haya: fomula zangu za Excel zitahama? Nina jedwali la madaraja lenye VLOOKUP na IF nyingi. Mitihani ya hesabu ina milinganyo ya Word. Na printa ni HP LaserJet P1102 ya ofisi, siwezi kuibadilisha.

Binti Pangani

VLOOKUP na IF zinahama bila neno, LibreOffice Calc, ile Excel ya bure ya Linux, inazisoma kama zilivyo. Kama kuna makro umeandikiwa na mtu, hizo zijaribu moja moja, nyingine zitagoma.

Milinganyo ndiyo ya kuangalia kwa makini. Itafunguka, lakini nafasi zinaweza kusogea, swali lililoishia ukurasa wa pili likamwagikia wa tatu. Sehemu ya lawama ni fonti. Word 2007 inaandika kwa Calibri usipoibadilisha, na Linux haina Calibri. Sakinisha Carlito, vipimo vya herufi zake ni vilevile, mistari inabaki mahali pake. Kwa Cambria kuna Caladea. Na ukituma mtihani kwa mwenzako au steshenari, tuma PDF.

Ushauri wangu: usisubiri kuhama ndipo ujue. LibreOffice 25.2 bado inakubali Windows 7, iweke leo pembeni ya Word, fungua mitihani yako mitatu minne ya zamani uone kilichoharibika. Kama huwezi kuvumilia unachokiona, rudi kwenye ushauri wa Mkaa Kimya na mambo yaishe.

Mkaa Kimya

Nilijua mtarudi tu.

Fundi Mwanga

Kuhusu P1102: inafanya kazi kwenye Linux, lakini siyo kwa kuchomeka tu. Sakinisha kifurushi cha hplip, kisha fungua tominali (dirisha la kuandikia amri) uandike hp-plugin. Itashusha kipande cha HP ambacho hakimo kwenye Debian. Fanya hivyo ukiwa na intaneti, ni mara moja tu. Ukiruka hatua hiyo printa itaonekana kwenye orodha, utatuma kazi, na karatasi haitoki. Watu wengi wanaishia hapo wanasema Linux haiprinti. Halafu wakati wa kusakinisha usifute Windows: kwenye 250GB kata 40GB uwape Debian, Windows 7 ibaki upande wake. Wiki ya mitihani usijaribu kitu kipya, washa Windows uchape.

Mwalimu wa Zamu

LibreOffice inashuka hivi sasa. RAM naifuata Jumamosi. chapchap, hiyo Atom yako ikichoka nijulishe, nitachukua SSD.

chapchap_tz

Haichoki mwalimu 😂