Tupeane uzoefu: dawa ya miguu isiyotulia inapogoma

Mkesha Hoi
Wakuu, saa nane usiku hii naandika nimesimama, simu nimeiegemeza kwenye friji. Wenye miguu hii hawahitaji maelezo. Kwa wengine: si ganzi, wala si msuli kukaza. Ni kitu kinatambaa ndani kabisa, chini ya nyama, hukipati hata ukijikuna mpaka utoke damu. Ukilala kinaanza, ukitembea kinanyamaza, ukirudi kitandani kinakusubiri pale pale.

Nilianzishiwa pramipeksoli, na siwezi kuikufuru, miaka ya mwanzo nililala. Sasa imegoma. Zamani mambo yalianza nikishapanda kitandani, siku hizi saa tisa alasiri nipo kikaoni nimesimama ukutani nasingizia mgongo. Imepanda hadi mikononi. Kila nikirudi kwa daktari dozi inaongezwa, napata nafuu wiki chache, kisha inarudi na nduguze. Waliopita hapa walitokaje?

Kiguu na Njia
Nipo jikoni naizunguka meza. Salamu.

Mama Watatu
Umenitonesha, ndugu yangu. Yangu ilikuwa ropiniroli, ni ukoo mmoja na hiyo yako. Nilipofika kwa bingwa wa mishipa ya fahamu aliniuliza mambo machache tu: inaanza mapema kuliko zamani? Ukikaa tu inakuvaa? Imefika mikononi? Dozi haikai muda? Nikajibu ndiyo kwa yote. Akasema, mama, dawa ndiyo inayouchochea ugonjwa sasa. Ukiongeza unamwagia petroli.

Tukaanza kushuka taratibu, dawa nyingine, gabapentini, ikiwa imeshaingizwa kwanza. Kushuka kwenyewe kulivumilika. Balaa lilikuja tulipoondoa kile kipande cha mwisho. Nililala sakafuni nikipiga visigino ukutani mpaka jirani akaja kugonga akidhani tunapigana. Nikaoga maji ya moto, nikaoga ya baridi, nikapanda ngazi nikashuka. Alfajiri nikamwambia mume wangu anikalie miguuni. Akanikalia, kwa uzito wake wote, akapitiwa na usingizi hapo hapo juu ya miguu yangu! Na mimi chini yake nasikia kitu kinaendelea kutembea. Nilimwonea wivu hadi machozi yakanitoka. Usiku ule niliwaza kukatwa miguu, sisemi kwa utani.

Baadaye ilianza kupoa, usiku mmoja afadhali, unaofuata taabu tena. Haikuisha, ila ilirudi kuwa ya usiku tu, na mikono ikaniacha. Tafadhali usikate ghafla peke yako. Mimi nilikuwa na daktari anayepokea simu.

Siafu
Hilo la kukaliwa miguu nimelisoma nikacheka, kisha nikamwamsha mke wangu nimwoneshe kwamba siko peke yangu.

Dokta wa Kijiweni
Wakuu hii ni stress na simu. Zimeni simu, kunyweni maji, fanyeni mazoezi mchoke, mtalala.

Mama Watatu
Dokta, Mwingereza Thomas Willis aliwaandika watu wa aina yetu mwaka 1672. Walikuwa na simu gani?

Dokta wa Kijiweni
Stress ilikuwepo.

Kiguu na Njia
Mazoezi ya wastani mchana yananisaidia kweli. Nikikimbia jioni, usiku huo nakiona cha moto. Kwa hiyo "mchoke" yako ipangie saa.

Chuma Chakavu
Hivi hakuna aliyeuliza feritini, kile kipimo cha akiba ya chuma? Mkesha, damu yako iliangaliwa wingi tu au na akiba ya madini ya chuma? Mimi niliambiwa miaka yote "damu yako nzuri, huna upungufu". Kumbe feritini ilikuwa 18, na karatasi ya maabara haikuweka hata alama nyekundu. Kwa mwenye miguu hii madaktari wanaoujua ugonjwa hawaridhiki ikiwa 75 au chini, maana chuma kinachotakiwa ni cha ubongo, na ubongo unaweza kuwa na njaa wakati damu inaonekana imeshiba. Vidonge vilinivuruga tumbo tu. Nikatundikiwa dripu ya chuma. Haikufanya kazi kesho yake, zilipita wiki kadhaa, ndipo mke wangu akasema siku hizi hunipigi mateke.

Mfamasia Mstaafu
Naunga mkono. Na jambo jingine: kagueni mnachomeza pembeni. Dawa za mafua na mzio za zamani, zile zinazosinzisha, zinaiamsha miguu. Metoklopramidi ya kichefuchefu pia, na baadhi ya dawa za sonona. Mtu anakuja kwangu hajalala, anaomba "kitu cha kunisinzisha", kumbe ndicho kinachomkesha.

Mkesha, mwongozo wa 2025 wa madaktari wa usingizi wa Marekani hauipendekezi tena pramipeksoli wala ropiniroli kwa matumizi ya kawaida, sababu ni hiyo hiyo aliyoambiwa Mama Watatu. Waliowekwa mbele ni akina gabapentini na pregabalini, pamoja na chuma cha dripu kwa wanaostahili. Daktari wako hana ubaya, alisoma tulichosoma sote wakati ule.

Siafu
Gabapentini kwangu ni kuyumba. Naamka naishika kuta.

Mke wa Fulani
Samahani naingia pembeni kidogo. Mume wangu ana miguu hii na alikuwa kwenye hiyo pramipeksoli. Ni mtu ambaye hata karata alikuwa hachezi. Dozi ilipopandishwa nikawa namkuta sebuleni usiku wa manane, namwonea huruma, nasema miguu hiyo. Kumbe anabeti! Akiba ya watoto ikaisha. Gari akaniambia liko gereji, nikamwamini, hadi mtu asiyenifahamu akanipigia kuuliza ufunguo wa pili. Alikuwa ameliuza. Nikafunga mizigo. Dada yangu ndiye aliyesema kabla hujaondoka, mpeleke hospitali, huyu si yeye. Daktari alisikiliza yote, akauliza swali moja: anatumia dawa gani ya miguu? Ilipopunguzwa hadi kuondolewa, hamu ikafa. Alikaa akitazama ile simu anauliza, "Mimi ndiye niliyefanya haya?"

Kiguu na Njia
Mungu wangu.

Siafu
Gari lilirudi?

Mke wa Fulani
Halikurudi.

Nuru ya Jioni
Ndiyo maana! Jamani nina cherehani tatu ndani na sijui kushona.

Dokta wa Kijiweni
Sasa kila mume mcheza kamari atasema ni dawa.

Mke wa Fulani
Kaka, nakuheshimu, lakini usinifundishe mume wangu.

Mfamasia Mstaafu
Si visingizio. Kamari, manunuzi, kula ovyo, tamaa ya mapenzi kupita kiasi: ni madhara yanayojulikana ya dawa hizi na yameandikwa kwenye karatasi yake. Shida ni kwamba mhusika mwenyewe huona kawaida, anayegundua ni wa nyumbani.

Mkesha Hoi
Wakuu uzi wangu ulikuwa wa miguu, ila nimekwenda kumuuliza mke wangu kama nimebadilika. Amecheka sana, hajanijibu.

Babu Mtulivu
Wanangu, mimi dawa zote hizo zilishindikana. Natumia methadoni, dozi ndogo, kwa daktari mmoja tu anayenifuatilia. Nalala.

Siafu
Mzee, si ile ya kuwatoa watu kwenye unga?

Babu Mtulivu
Ndiyo hiyo hiyo. Dozi yangu ni kidogo sana ukilinganisha na yao, na nimeulizwa maswali mengi kabla ya kupewa. Ukishakesha mpaka ukasinzia kwenye usukani ndipo uje tujadili majina.

Mama Watatu
Shikamoo babu. Waache hao.

Nuru ya Jioni
Nani amejaribu kuweka kipande cha sabuni chini ya shuka?

Kiguu na Njia
Mimi.

Nuru ya Jioni
Ilisaidia?

Kiguu na Njia
Shuka zinanukia.

Mkesha Hoi
Haya, kesho naomba miadi. Nauliza feritini, nauliza kushushwa taratibu. Hicho kipimo kina masharti?

Chuma Chakavu
Asubuhi, kabla ya kula. Kama unameza vidonge vya chuma, siku moja kabla usimeze. Na omba karatasi ya majibu uione namba mwenyewe, usikubali "ipo sawa".

Dokta wa Kijiweni
Mama mkwe wangu naye hutembea usiku kucha akija kwetu. Hiyo sabuni ni ya kipande, au hata ya unga inafaa?